Mzee Halvor Anagonga Meza

Honorata alibwaga bakuli la uji mezani. Nesi Jepkosgei, Mkenya aliyetumwa kumpima mzee Halvor, alikuwa ameshaandika fomuni: haongei, hajielewi, apelekwe makao ya wazee.

"Dada, mzee anaongea."

"Nimemuuliza maswali kumi kwa Kiingereza. Anagonga meza tu."

"Kiingereza kimeondoka na kiharusi! Amebaki na Kinorwe cha mama yake."

Jepkosgei akacheka. "Na wewe mtu wa Bukoba, Kinorwe ulikitoa wapi?"

Alikitoa hapo hapo mezani, katika nyumba hiyo ya mzee mjini Bowie, Marekani, miaka mitatu akimwogesha na kumlisha mzee, mwanawe mdogo mgongoni. Shule aliishia darasa la saba, ila masikio yake hayakuishia huko. Kabla ya kiharusi, mzee alimfundisha maneno yao marefu, mawili yaliyoungwa yakawa moja, kama "barnebarn", yaani mjukuu. Honorata akilikaza katikati, kama tunavyokaza maneno yetu, mzee alicheka hadi miwani ikamdondoka. Kisha alimgongea kwa kidole: "bar", kwa nguvu, "ne", kidogo tu, "barn", wastani. Uzito wote mwanzoni, halafu unavuka kiungo taratibu.

Leo kidole hicho kimeandikwa wazimu!

Alimwinamia mzee, akamuuliza kwa Kinorwe: "Babu, Jumamosi anakuja nani?"

Kidole kikagonga. Kwa nguvu. Kidogo. Wastani. Mdomo nao ukahangaika nyuma yake: "Bar… ne… barn."

"Amesema mjukuu wake. Tazama kalenda pale kwenye friji."

Jepkosgei akatazama. Kwenye Jumamosi paliandikwa kwa Kiingereza kuwa mjukuu anakuja. "Eh, labda ni bahati tu."

"Bahati? Basi mgongee mwenyewe!"

Jepkosgei akagonga akitamka, nguvu zote akazitia katikati.

Mzee Halvor akamtazama. Mabega yakaanza kumtikisika, akacheka, kicheko cha kwanza tangu augue, uji ukimchuruzika kidevuni. Kisha akaushika mkono wa nesi, akaugongesha mezani mwenyewe: kwa nguvu, kidogo, wastani.

"Hajielewi, eeh?" Honorata alisema, akimfuta kidevu huku machozi ya hasira yakimtoka. "Anakusahihisha wewe mwenye diploma. Na hilo liandike!"

Jepkosgei aliikunja ile fomu, akatoa nyingine, akavuta kiti karibu na mzee.

"Haya dada," alisema polepole, "swali la kwanza. Nitafsirie."