Flaiwili ya Mtoto wa Nikodemu

Shemeji yangu Nikodemu alikuwa mkerezaji bora kuliko wote kuanzia Kilwa hadi Lindi mjini, na mimi ndiye nasema, ambaye ni shemeji yake na sina desturi ya kumsifu. Ningeweza kumpita, nisiwafiche. Ila shule niliiacha mapema, walimu walipoanza kunionea wivu, na mashine sikuwa nayo. Sifa zikabaki kwake.

Kwa nyie mnaonunua vitu vilivyokwisha kutengenezwa, mkerezaji ni mtu anayefunga chuma kwenye mashine kikazunguka, kisha anakisogezea kisu na kukichonga, kama seremala anavyochonga mguu wa kitanda. Nikodemu alijifunza kwenye karakana ya shamba la mkonge, pembeni ya korona, ile mashine ya kusaga majani ambayo ukisimama karibu nayo hata ukitukanwa unajibu asante. Shamba lilipokufa akanunua kerezo lao kuukuu, akalisimika kwenye banda la bati nyuma ya nyumba yake, Mitwero. Shafti za mashine za unga, bushi za matrekta, vyuma vya boti za Songo Songo, vyote vilipita mkononi mwake.

Jina lake la mtaani lilikuwa Sikio. Alilipata kwa kazi moja. Mtu akimletea chuma cha kusubu, kile kinachopasuka kama chungu, yeye hakikabidhi kabla hajakipima. Anakitundika kwa kamba kwenye boriti, anakigonga kwa nyundo ndogo, anasikiliza. Chuma kizima kinalia kama kengele, sauti inatembea mpaka nyumba ya tatu. Chenye ufa ndani kinasema ko, basi. Ufa wenyewe huuoni kwa macho hata uwe na macho ya mwewe. Na huwezi kupima kwa kushika, kwa sababu ukikishika tu kinanyamaza. Ni sikio peke yake.

Sasa mimi ni kaka wa Brigita, mke wake, na kwetu shemeji wa namna hiyo ni mtani wako kamili. Kuku wake nakamata, kofia yake navaa, mbele za wageni namwambia ana kichwa kama kinu. Akikasirika, aibu ni yake. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Kwa sababu hiyo hiyo, hakuna anachosema kinachohesabiwa. Hilo watu hawalisemi, lakini ndivyo lilivyo.

Jambo ambalo sikulijua, na ambalo Brigita aliniambia baadaye kwenye benchi la hospitali, ni kwamba Sikio alikuwa kiziwi. Korona ilimla masikio kidogo kidogo, na miaka ya karibuni ilikuwa imeyamaliza. Aliishi kwa kusoma midomo. Sisi tulidhani ni ukali. Vijana wetu wamefundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, yeye alikuwa anawagombeza: "Nitazame unaposema! Unaongea na mimi au na kandambili zako?" Tukamwona mzee mwenye msimamo. Kerezo alilisikiliza kwa kiganja, akiweka mkono juu ya mashine kama mganga anayepima homa. Kazi zikatoka safi. Brigita alikuwa anamwambia, "Waambie watu, baba Xaveri." Naye anajibu, "Nikiwaambia, kesho vyuma vyote vinapanda gari kwenda Mtwara. Mimi nitabaki Sikio wa nini?"

Ndipo Xaveri akaja na gari lake.

Xaveri ni mpwa wangu, mtoto wao wa kwanza, mpishi kwenye kambi ya wafanyakazi kule Songo Songo. Kijana mzuri, miguu mirefu, amerithi upande wetu. Alikuwa amejinyima miaka mingi akanunua gari la spoti la zamani, milango miwili, pua ndefu, jekundu pale ambapo kutu haijafika. Ukikaa ndani unahisi makalio yanaburuza lami. Nililipenda mara moja, na kusema kweli nilikuwa nimeshachagua siku za kuliazima.

"Baba," Xaveri akasema, amemtazama usoni kama alivyofundishwa, "nataka unipunguzie flaiwili."

Flaiwili ni ile sahani nzito ya chuma nyuma ya injini, klachi inakaa juu yake. Uzito wake ndio unaofanya injini izunguke kwa utulivu. Ukiupunguza, injini inakuwa nyepesi, ukigusa mafuta tu inaruka kama mbuzi aliyekanyaga siafu.

"Uzito huo uliwekwa na watu wenye akili," Nikodemu akasema.

"Waliwawekea wazee."

"Hiki ni chuma cha kusubu, tena kimeungua. Unaona madoa ya buluu hapa? Klachi imekisugua sana. Acha kama kilivyo."

"Kwani wewe huwezi siku hizi?" Xaveri akacheka. "Sema tu, baba, nikipeleke Mtwara."

Mtoto alikuwa anatania. Nilimwona Nikodemu anafuta mikono kwa tambara, akairudia tena mikono ile ile iliyokwisha kuwa safi. "Kilete," akasema.

Kazi aliifanya vizuri. Nasema hili mbele ya yeyote. Aliyapasha moto yale meno ya kuwashia yanayozunguka ukingo mpaka yakalegea, akayatoa. Akafunga sahani kwenye kerezo, akakata mgongoni na ukingoni, upande wa klachi hakugusa. Kiganja kiko juu ya mashine, unga mweusi unamwagika chini, kisu hakitetemeki. Mimi nilikaa kwenye kreti nikimpa maelekezo, ambayo hakuyafuata, na sasa najua ni kwa nini.

Alipomaliza, banda lilijaa watu. Ignasi wa duka la vipuri alikuwapo, na majirani waliokuja kuona gari. Nikodemu akaitundika flaiwili kwenye boriti. Watu wakanyamaza, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa sehemu waliyoipenda, Sikio anasikiliza. Akagonga.

Ko.

Mimi masikio yangu ni ya paa. "Shemeji!" nikasema. "Chuma chako kimekula makopa mabichi, kinabeua! Kengele ya kanisani kwenu ikilia hivi, hata padri anarudi kulala!"

Banda zima likaangua kicheko. Ignasi alishika ukuta. Xaveri alicheka mpaka akajifuta macho. Nikodemu, nyundo mkononi, akatuzungukia kwa macho, mmoja mmoja, akitafuta kwenye nyuso zetu kile alichopaswa kukisikia mwenyewe. Akaona meno. Akaona mtoto wake anavyofurahi. Akatabasamu na yeye, akaipigapiga flaiwili kama mtu anavyompiga ng'ombe mzuri.

"Kinalia," akasema. "Funga."

Angesema nani? Sikio amesema kinalia, na aliyesema hakilii ni shemeji yake.

Gari lilipofungwa tulilipeleka barabara ya Kitomanga, mimi nimekaa kushoto kwa mpwa wangu, kiwiko dirishani, nikiwapungia mkono akina mama wanaouza muhogo kana kwamba gari ni langu. Mwanzoni lilitusumbua, likawa linazimika kila tukipunguza mwendo. Lakini tulipofika paliponyooka Xaveri akakanyaga, na injini ikapanda kwa namna ambayo sijawahi kuisikia, ile sauti inakuingia kwenye meno.

"Unaona, mjomba?" akapiga kelele. "Unaona?"

Akakanyaga tena.

Watu wanauliza kulikuwa na sauti gani. Mimi nakumbuka vumbi, limetoka chini, ndani ya gari, na sakafu ikiwa wazi ninaona lami inapita. Flaiwili ilikuwa imepasuka. Kipande kimoja kilikata nyumba ya giaboksi na bati la sakafu, kikapita pale miguu ya dereva inapokaa. Gari lilijiendea lenyewe mpaka kwenye majani likasimama. Mimi sikupata hata mchubuko wa ukucha. Xaveri alikuwa anaangalia chini, ananiuliza kwa upole kabisa, "Mjomba, kiatu changu kiko wapi?"

Mguu wa kulia waliukata chini ya goti. Wa kushoto waliuacha, lakini kwa kutembelea haufai.

Nikodemu alisimama kwenye ile korido ya hospitali akiwa na nguo za kazi. Daktari alimweleza akiwa amevaa barakoa. Yule daktari alieleza muda mrefu, kwa huruma, na Nikodemu akaitikia kwa kichwa kila mara, akiangalia kitambaa cheupe kinachocheza mdomoni mwa mtu. Daktari alipoondoka, akamgeukia mke wake. "Amesemaje?" Brigita akamshika kidevu, akamgeuza, akamwambia kwa midomo polepole. Hapo ndipo wote tuliokuwa kwenye benchi tulipoelewa, kabla hata dada yangu hajakaa chini kunisimulia.

Sasa Xaveri yuko nyumbani, chumba cha nyuma. Kitanda kimeelekea mlango, lakini yeye analala amegeukia ukuta. Baba yake akiingia na uji, mtoto anazungumza, si kwamba ananyamaza. Anazungumza na ukuta. Nikodemu anasimama na bakuli akitazama kisogo cha mwanawe, haelewi kama ameambiwa karibu au toka. Anaweka bakuli, anatoka.

Juzi nilikwenda, nikaketi kitandani. Nilikuwa nimeandaa utani wangu kuhusu viatu, kwamba sasa tutanunua pea moja tugawane, mimi mguu wangu wa kulia ndio una haraka. Hakucheka, na mimi sikumalizia.

"Mjomba," akasema, "ile sauti niliisikia."

"Sauti gani?"

"Ya kwenye banda. Mimi ni mtoto wa Sikio, nimekua nasikia vyuma. Nilijua kabla wewe hujafungua mdomo. Lakini nilikuwa nalitaka gari, na baba alisema kinalia." Akavuta shuka. "Mwambie. Mimi nikimwona usoni siwezi."

Nilitoka. Nikodemu alikuwa bandani, kerezo limefunikwa gunia, amekaa kwenye kreti yangu. Nikasimama mbele yake kwenye mwanga, nikavua kofia, nikasema polepole midomo yote ikionekana: mwanao anasema aliisikia, alijua, akanyamaza, si wewe peke yako.

Alinitazama mdomo mpaka neno la mwisho. Kisha akanipiga begani, taratibu, kama mtu aliyechoka.

"Shemeji," akasema, "leo hapana. Nitanie mengine."

Nikarudia. Nikaapa kwa kaburi la mama yetu. Uso nimeukaza, hata jino moja halionekani.

"Huyo ndiye wewe," akasema. "Hata uso wa msiba unauweza."

Akainuka. Kwenye boriti ametundika kile kipande kikubwa cha flaiwili walichokiokota barabarani, nusu mwezi wa chuma. Akachukua nyundo ndogo, akakigonga, akageuka haraka kunitazama usoni.

Nami nikasimama pale na kofia mkononi, sijui niweke uso gani.