Askari wa Geti Asiyepekua Wazee

Askari wa geti la chuo kimoja hapa mtaani Mulago ana mikono mikubwa, lakini akikupekua utadhani anakunja nguo za mtoto. Humo ndani sigara ni marufuku. Akizikuta mfukoni huziweka kwenye mkebe wa maziwa, na ukitoka anakurudishia. "Profesa, moshi wako huu hapa," huwatania wanafunzi. Wazee hawapekui kabisa. Mimi nikichoka kutembea huingia kukaa kwenye benchi, naye huvua kofia na kusema, "Pita, mzee wangu."

Juzi bosi wake aliokota kipisi cha sigara chini ya benchi hilo, nikiwa nimelikalia. "Ni huyu mzee?" Askari akacheka. "Huyu ni kama baba yangu, afande. Naapa, havuti." Kipisi kilikuwa changu, na nilinyamaza. "Nikiona kingine, kazi huna," bosi akamwambia, akaenda zake. Askari akanishika mkono aniinue, uso wake karibu na wangu, na harufu ya sigara ikamfikia.

Leo nimekuja na mifuko mitupu. Nikafika getini, nikainua mikono mwenyewe, anipekue kama wengine. Akatazama barabarani, kofia kichwani.

"Pita, mzee."