Jina Lililofichwa Chini ya Jina Langu

Kabla hujanicheka, jiulize kama umewahi kuisoma barua yako ya posa.

Mimi sikuisoma. Siku niliyoisoma nilikuwa kituo cha polisi, na chini ya jina langu kulikuwa na jina la mwanamke mwingine.

Naitwa Hidaya. Nimesomea kilimo ngazi ya diploma. Kwenye watu naona haya, lakini nikishika kisu cha kubebeshea miche, kuunga tawi la mti bora kwenye shina changa, sitetemeki. Nyuma ya nyumba yetu, hapa Lushoto, nilikuwa na miche mia mbili ya parachichi, yote nimeibebesha kwa mkono wangu.

Faraji alipoleta posa, wazee walipokea barua. Kwetu binti hukaa jikoni akasikilizia vigelegele. Nikakaa jikoni.

Wiki iliyofuata akaja na pikapu.

"Mchumba, miche inazeekea kwenye viriba. Na shamba letu la njia ya Irente liko tupu."

Shamba *letu*. Nikayeyuka.

Masika yote nilichimba mashimo, nikapanda, nikatandaza majani. Mama yake akipita ananiita "mkwe".

Miche iliposhika, ukaja ujumbe kwenye simu: "Dada Hidaya, nimeswali istikhara, moyo umekataa. Tusameheane."

Dada!

Nikamfuata shambani. "Basi nirudishie miche yangu."

"Mche ukishapandwa ni wa mwenye ardhi," akajibu, huku anatafuna karoti. Hata kuacha kutafuna hakuacha.

Nilimwonea kinyaa mpaka mate yakanijaa mdomoni.

Kituoni, askari wa kwanza alicheka. "Kuachwa nako ni jinai? Basi tujenge mahabusu kutoka hapa mpaka Korogwe!"

Mwenzake, mama mtu mzima, akanivutia kiti.

"Mwanangu, mtu akikuahidi ndoa kwa nia kisha akaghairi, hilo ni la madai. Unaweza kwenda mahakamani kudai fidia. Jinai ni pale alipokuahidi huku anajua hakuoi, ili tu achukue mali yako. Sasa cha moyoni mwake utakithibitishaje?"

"Barua ya posa ipo," nikasema.

Nikampigia baba mkubwa Hassani, ndiye aliyeipokea siku ile. Akaja nayo mfukoni mwa koti.

Yule afande mama akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akaiinua tena.

Barua nzima ilikuwa fotokopi. Jina langu tu ndilo lililoandikwa kwa kalamu, juu ya wino mweupe wa kufutia. Akaukwangua kwa ukucha, taratibu.

*Hadija binti Abdallah, wa Magoma.*

Nikamgeukia mzee.

"Baba mkubwa, hukuliona hili?"

"Niliona." Akatazama viatu vyake. "Nikadhani kijana kakosea kuandika. Tena wageni wameshakaa, pilau imeshapakuliwa. Ningeanzaje kuuliza?"

Ningejibu, ningemkosea adabu.

Afande akapiga simu mbili tatu Magoma, mwisho akanikabidhi simu.

"Hadija? Mimi naitwa Hidaya. Ni kuhusu Faraji wa Lushoto..."

Akauliza, bila hata salamu, "Kwako kachukua nini?"

"Miche ya parachichi."

"Kwangu ng'ombe wa maziwa. Aliniambia tunaanza ufugaji wetu. Mama yake bado anamkamua?"

Kila nilipomaliza kupanda, yule mama alinipa chai ya maziwa, nzito, ya moto. "Kunywa, mkwe." Nami nikanywa, nikashukuru.

Nilitoka nje nikatapika.

Niliporudi, yule askari aliyecheka ndiye aliyekuwa anaandika jalada. Afande akaniambia, "Cha moyoni mwake sasa tunacho. Haya, anza mwanzo. Mwenzako yuko njiani."

Dada zangu, barua ya posa ina jina lako. Toka jikoni, iombe, uisome mwenyewe mbele ya wageni, hata kama pilau inapoa. Utaona haya kwa dakika moja. Mimi nimekunywa maziwa ya mwenzangu masika yote.