Bendera Niliunguza Mimi, Akafukuzwa Zuena

Jamani, kosa ni langu. Nilishamsingizia mtu mmoja, na huyo ndiye anayeninyima raha hadi leo.

Mwisho wa miaka ya sitini, sisi tuliotoka Unguja tulikuwa bado wageni hapa Maskati. Zuena, aliyekuwa jirani yetu kulekule, alitupokea kwao Sidab, kitongoji cha pwani hapahapa Maskati, mpaka tukapata nyumba yetu, akanitafutia na kazi alikofanya yeye, kwa bibi mmoja wa Kiholanzi. Zuena Kiingereza alikuwa hakijui. Mie nilikisoma skuli, basi nikawa mkalimani wao.

Bibi yule alikuwa na bendera ya kijiji chao, kijiji kidogo huko Frisia, kaskazini mwa Uholanzi. Manjano na buluu, na katikati ngao yenye nusu ya tai mweusi. Ngao aliitarizi marehemu mamake kwa mkono. Kila sikukuu ya kijijini kwao huitundika barazani, akakaa anaitazama, machozi yanamlengalenga.

Mwaka mmoja akanipa niipige pasi. Pasi ya makaa! Zuena akanijazia makaa, akarudi jikoni. Mie nikaiacha pasi juu ya kitambaa, nikaenda dirishani kusikiliza ugomvi wa majirani. Kugeuka, lo! Tai kaungua, pamebaki tundu.

Bibi akaingia, akapiga ukelele. Nikamwambia, "Zuena kajaza makaa mno, cheche zimeruka."

Zuena akaja mbio. "Anasemaje?"

"Anasema ni makaa yako."

"Mwambie nimeifunga pasi vyema, wallahi!"

Nikamgeukia bibi: "Anasema ni kweli, anaomba radhi."

Akafukuzwa palepale. Mlangoni akaniuliza, "Umemwambia lakini?"

"N'memwambia, hataki kusikia."

Akanishika bega. "Basi usigombane naye kwa ajili yangu, shoga, usije ukafukuzwa nawe."

Ya Rabbi! Tangu siku ile nikaona haya kukanyaga kwao.

Miezi ikapita, bibi akaletewa bendera nyingine kutoka kijijini. Akaikunjua huku anacheka. "Nilipandwa na hasira tu siku ile. Kamwite Zuena arudi."

Nilikwenda Sidab mbio. Mlango una kufuli. Jirani akanambia kahamia Kuweti na mamake, kwa kakake. Niliandika barua, sikujibiwa. Baadaye nikasikia kafariki hukohuko.

Nimwombe nani radhi sasa? Nifanyeje, jamani?

Nyinyi mnaofasiria watu, mcheni Mungu! Mwenzako akisema, fikisha alilosema. Yeye hapo hana mdomo mwingine ila wako.