Nilimtafsiria Papa Bei ya Kamioneti, Kumbe Bei Ni Mimi

Mwenye ukurasa, nakuomba kwanza jina langu ulifiche, maana hapa mtaani Mangobo watu wanajuana mpaka kwa kikohozi. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na mbili, nimeolewa, sina mtoto. Nimekimbia ndoa yangu kwa mara ya pili, niko kwa wazazi, na maji yamenifika shingoni.

Papa yangu alitoka Maniema akiwa kijana, akawa shofele wa kampuni miaka mingi. Kazi ilipokwisha akasema hataki tena kushika usukani wa mtu mwingine. Alitaka kamioneti yake mwenyewe, gari ndogo ya mizigo, ibebe mchele na mafuta ya mawese siku za juma, na Jumapili itupeleke kanisani sisi wote kama watu. Mpya hakuiota hata usingizini. Basi tukaanza kutafuta iliyokwisha kutumika. Nasema "tukaanza" kwa sababu Kifaransa cha papa kilikuwa cha kupokea amri tu, mimi nilikipata kwa masista, kwa hiyo kila alipokwenda kwa wazungu mimi nilikuwa mdomo wake.

Ya kwanza tuliyoiona ilikuwa imepakwa rangi mpya, inang'aa. Papa akainama, akachungulia chini, akaniambia twende zetu. Alisema gari inayopakwa rangi siku ya kuuzwa ni kama mwanamume anayeoga siku ya posa tu. Tulicheka njia nzima. Ya pili ilikuwa ya mzungu wa mashamba ya kahawa aliyekuwa anarudi Ulaya. Rangi ilikuwa imekufa na kiti kimechanika, lakini papa hakujali. Alinituma kuuliza imepita mikononi mwa watu wangapi, inakunywa mafuta kiasi gani, imewahi kupinduka. Akaomba iwashwe asubuhi mapema, injini ikiwa baridi, na alipoisikia ikinguruma alitabasamu mpaka nikamwonea huruma.

Mzungu alikuwa na sharti moja: hapokei kidogo kidogo, alipwe yote kabla ya kuondoka. Nikamweleza papa. Akanitazama, akasema:

"Umwambie atalipwa yote, mara moya. Asiogope."

Nikamwambia mzungu, tena kwa majivuno. Nikambembeleza kwa Kifaransa kitamu mpaka akashusha bei. Ee Mungu wangu, nilijipunguza bei mwenyewe.

Wakati ule nilikuwa nimeposwa na fundi cherehani wa hapa hapa Mangobo, kijana mpole aliyenipenda nami nikampenda. Alikuwa ameleta mbuzi na blanketi ya mama, na mali ya mahari iliyobaki angeileta polepole, kama wanavyofanya watu wote wasio na kitu. Juma lile lile papa akamrudishia vitu vyake. Akanioza kwa mnunuzi wa mpunga wa kule Opala, mtu wa rika lake, aliyeweka mali yote mezani siku moja. Mali hiyo ilikwenda kwa mzungu bila kulala nyumbani kwetu. Mimi nilijua yote baadaye, nikiwa nimekwisha kuvalishwa nguo za arusi.

Sitaeleza yote ya Opala. Mume wangu ananipiga nikichelewesha chakula na ananipiga nikikiwahisha. Mimba yangu ya kwanza ilitoka kwa teke. Nilikimbia, nikaja kwa papa nikiwa na uso umevimba. Alilia, nasema ukweli, alilia. Lakini wazee walikaa wakakata neno: mali irudi, mwanamke awe huru, mali isiporudi, mwanamke arudi. Mali ilikuwa imesimama uani kwa magurudumu manne. Papa akanipakia kati ya magunia matupu, akanirudisha mwenyewe. Niliomba njiani iharibike, ikwame kwenye matope, daraja livunjike. Papa alikuwa amechagua vizuri, tukafika mchana.

Sasa nimekimbia tena. Papa alituma watu kumwomba mume wangu akubali kurudishiwa kidogo kidogo. Alijibu kwamba yeye alitoa mara moja na atapokea mara moja. Kuna mfanyabiashara anayeitaka kamioneti hata leo, na bei yake inatosha kunifungua. Lakini kamioneti hiyo ndiyo inayolisha nyumba. Nina wadogo sita, wawili wako shuleni, na papa macho yameanza kufifia, hakuna kampuni itakayomchukua tena.

Jana jioni aliniita uani, akakaa chini kabisa, mbele yangu.

"Mutoto yangu," akasema, "ukisema niuzishe, nitauzisha. Ukisema urudi, nitakurudisha. Safari hii mimi sitakata neno. Sema wewe."

Mama alinifuata jikoni. Hakunitazama, alikuwa anamenya ndizi. Akasema polepole, "Wewe uko moya. Bale beko sita." Halafu akaanza kulia, akaniomba nimsamehe, akasema hakusema kitu. Lakini amesema, na mimi nimesikia.

Wasomaji, mara ya kwanza papa hakuniuliza, na nilipata angalau nafasi ya kumkasirikia. Hasira hiyo ilinisaidia sana kule Opala. Sasa ameniuliza, na sina tena wa kumlaumu. Nikisema auzishe, wadogo zangu wakilala njaa watajua ni kwa neno langu. Nikisema nirudi, sidhani kama yule mwanamume ataniacha nikimbie mara ya tatu, na papa ndiye atakayekuwa amenipeleka.

Nyinyi mliozaa na nyinyi mliozaliwa wa kwanza, mnisaidie. Papa anangoja, na kila nikifungua mdomo anasimama kunisikiliza. Nimwambie nini?