Maharage ya Eustadia na Maziwa ya Mzee Rwegasira

Saa moja asubuhi, majani ya migomba ya kijiji cha Mabira yangali na umande, na Eustadia anamenya maharage. Si kuyatoa kwenye maganda ya shambani, la hasha. Anavua ile ngozi nyembamba ya punje moja moja. Ameyaloweka tangu jana. Anabinya punje kwa vidole viwili, inachomoka, ngozi anawatupia kuku, anachukua nyingine.

"Watu wananicheka," anasema bila kuinua macho. "Wananiuliza, Eustadia, na uji utaumenya lini?"

Ni mpishi wa zahanati ndogo ya misheni hapa, na mwaka huu wa 1953 ni wa sita kazini. Aliajiriwa kuwapikia wagonjwa uji kwa shilingi kumi na nane kwa mwezi. Hii kazi ya kuwapikia wazee majumbani alijianzishia mwenyewe, wala hakuna anayemlipa. Wazee wake ni kumi na mmoja, na kwa hesabu yake wana meno tisa kwa jumla.

Chakula kipo, tusidanganyane. Vibanja, mashamba ya migomba ya hapa, vimejaa ndizi, na maharage hayakosekani. Lakini mzee anakipata?

"Nyumbani wote wanakula juu ya jani moja la mgomba," anasema. "Wenye meno wanakula wanamaliza, mzee analamba mchuzi. Ukimuuliza, ati ameshiba. Ameshiba nini, jamani? Ni aibu tu inamzuia kusema."

Kila mwezi Gaudiosus, dresa wa zahanati anayefunga vidonda na kugawa dawa, huwapima wazee hao kwenye mizani ya kahawa, kwa kuwa zahanati haina mizani yake. Mzee anakalishwa ndani ya gunia, gunia linatundikwa. Kuna bibi mmoja ambaye kila akishushwa huuliza amepata daraja la ngapi.

Leo, hata hivyo, Eustadia hana kicheko. Mzee Rwegasira, mfugaji aliyekuwa na uzito wa ratili mia na nne mwanzoni mwa mwaka, mwezi uliopita alikutwa na tisini na mbili. Na sasa ni siku ya nne hajaweka kitu kinywani ila maji.

"Gaudiosus ameniambia dawa ya homa anayo, ya njaa hana," anasema Eustadia. "Na mwenye kosa ni mimi."

Kosa lenyewe ni hili. Kwa akina Rwegasira, maziwa na maharage hayakutani tumboni siku moja. Mtu akivichanganya, wanasema, ng'ombe aliyekamuliwa ataugua kiwele. Eustadia amezaliwa Kimuli, kwa wakulima wa kahawa, na ng'ombe amewaona kwa majirani tu. Mwiko huo aliusikia, akauona wa kupuuzwa mtu anapokonda. Akaponda maharage yaliyomenywa mpaka yakalainika kabisa, akayachanganya na ndizi, akamlisha mzee ambaye asubuhi ile alikuwa amekunywa maziwa. Mzee akala akasifu. Akauliza utamu ule umetoka wapi.

"Nami kwa kiburi changu nikamwambia," anasema. "Nilidhani atacheka!"

Mzee hakucheka. Alitema kilichokuwa mdomoni, akageukia ukutani. Tangu hapo kila chakula anakitilia shaka, hata cha mkwewe.

Eustadia anafunika chungu, anajifunga kitenge upya na kushika njia ya miguu. Habebi chochote. Njiani anasalimia watu nusunusu, na mara mbili anasimama kama mtu anayetaka kurudi.

Mlangoni anapokelewa na Xaveria, mke wa mtoto wa mzee. "Bora umekuja, dada," anamnong'oneza. "Sisi ametushinda."

Rwegasira amelala kwenye mkeka. Mashavu yameingia ndani. Eustadia anapiga magoti.

"Shikamoo, waitu," anasema, akiongeza neno la heshima la kwao.

"Marahaba. Leo umeficha nini?"

"Sina kitu. Nimekuja kuomba radhi."

"Uliniona mtoto?"

"Nilikuona una njaa."

"Njaa naijua kabla hujazaliwa." Mzee anavuta pumzi. "Ng'ombe amewashika mwanangu. Kibanja amekishika mwanangu. Kuoga naogeshwa. Kilichokuwa kimebaki changu ni kuamua kipi kipite mdomoni humu. Na hicho nacho ukakichukua!"

Eustadia analia, wala hajifichi. Xaveria naye anaangalia chini.

"Basi nifundishe, waitu," anasema hatimaye. "Niambie unavyokula, nami nitapika hivyohivyo."

Mzee anajigeuza, anamwelekea. Kisha anaanza kueleza, polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Siku ya maziwa ni ya maziwa, maharage yasisogee. Siku ya maharage, maziwa yangoje kesho yake.

"Na samli kwenye ndizi, siku ya maziwa?"

"Samli ya ng'ombe wangu? Nani alikukataza?"

"Nilidhani..."

"Hukuuliza."

Kumbe miezi yote hiyo samli ilikuwepo ndani ya nyumba, na mzee anakondea ubavuni mwake! Xaveria anakimbilia jikoni. Ndizi zinapondwa, samli inayeyukia humo. Eustadia anakaa na bakuli mbele ya mzee.

"Kuna nini humu?"

"Ndizi na samli."

"Na nini tena?"

"Basi."

Mzee anamtazama usoni kwa muda mrefu. Kisha anafungua mdomo. Anakula tonge la kwanza, la pili, la tano. Xaveria amejishika kifua, hathubutu kusogea.

Wakati wa kurudi, Eustadia anatembea haraka, maana wagonjwa wa zahanati wanasubiri uji. Anataka kumwomba padri ruhusa ya kuwakusanya wakwe wanaowatunza wazee kijijini kila Jumamosi, awaonyeshe kumenya na kuponda. Xaveria ameahidi kuja wa kwanza. Lakini somo la mwanzo, anasema, halitakuwa na chungu wala maharage: kila mmoja ataenda kwanza akakae na mzee wake, amuulize anakula nini na hali nini.

Eustadia ana miaka hamsini na moja, na hakujaliwa mtoto.

"Siku yangu itafika," anasema. "Atakayenilisha simjui. Namwombea tu aje ameshajua kuniuliza."