Siku Tuliyomwagilia Mti Kwenye Mvua

Shangazi yangu alikuwa amepooza mguu mmoja, na chumba chake pale Kariakoo kilikuwa chini kuliko barabara. Nyumba ni ya zamani. Barabara ndiyo iliyopandishwa kila ilipokarabatiwa, mpaka mlango wake ukawa wa kuteremkia. Kilichomwokoa kila masika ni mtaro uliopita mbele ya kibaraza. Ukipitisha maji, analala. Ukiziba, maji yanamfuata kitandani.

Hayo niliyajua vizuri siku mtaa wetu ulipoandaa sherehe ya mazingira. Nilikuwa kwenye kamati, tena ndiye mshereheshaji, kazi niliyoipenda kuliko nilivyokubali mbele za watu. Tuliamka alfajiri kufagia. Maboksi, nailoni za kufungia mizigo, maganda ya machungwa, vyote tukavijaza kwenye viroba tukisubiri gari la taka. Gari halikuja. Mgeni rasmi akapiga simu kwamba yuko njiani. Tukatazamana.

"Funika kombe mwanaharamu apite," akasema mwenyekiti wa kamati, na wanaume wawili wakainua mfuniko wa zege wa mtaro. Viroba vikashuka kimoja kimoja. Kimoja nilikisukuma mwenyewe kwa mguu. Tuliambizana tutavitoa jioni. Mawingu yalikuwa yameshatanda, meusi, na hakuna aliyetaka kuyatazama.

Mvua ilishuka mgeni rasmi akivishwa skafu. Watu wakabanana chini ya turubai moja, wengine wakajifunika viti vya plastiki vichwani. Nikashika kipaza sauti nikasema mvua ni baraka, Mungu mwenyewe kaja kutupandia miti. Wakacheka. Ngoma zililowa zikakataa kulia, basi nikawaimbisha kwa makofi. Ratiba ilisema mgeni rasmi atapanda mwarobaini kisha ataumwagilia, na ratiba ni ratiba. Aliumwagilia kwa keni, mtu kamshikia mwavuli, mvua ikimchapa mgongoni vilevile, na akina mama wakapiga vigelegele. Naona aibu kusema kwamba tulifurahi kweli.

Lakini maji nilikuwa nayaona. Yalishapanda juu ya mifuniko ya mtaro, yakawa ya kahawia, yakielekea upande wa kwa shangazi, nyumba ya sita kutoka pale. Nilijua yanakwenda wapi na nilijua kwa nini. Ningeweza kumpa mtu kipaza sauti nikaondoka. Nilibaki kwa sababu hotuba ilikuwa haijaisha, na kwa sababu watu walikuwa wanavicheka vizuri vichekesho vyangu.

Nilipofika kwake, maji yalinifika magotini. Shangazi alikuwa amekaa juu ya meza, sijui alipandaje na mguu ule, amekumbatia msahafu na picha ya marehemu mumewe. Godoro lilikuwa linaelea. Kanga aliyojitanda ilikuwa imelowa chepechepe, na mwili mzima ulikuwa unamtetemeka. Nilijichukia pale mlangoni, nikashindwa hata kuingia kwa haraka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekusikia kwenye spika. Umeongea vizuri." Kisha akasema, bila kulalamika, "Na mimi nilikuita kidogo, ila kelele zilikuwa nyingi."

Nikageuka nikampa mgongo, akanishika shingo, nikambeba kuelekea kwa jirani ambaye nyumba yake imeinuliwa. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea. Tulipokuwa katikati ya maji akaniuliza, mdomo karibu na sikio langu:

"Hivi huu mtaro leo umekuwaje? Mbona siku zote unapitisha?"

"Watu wa mtaa wa pili hao, shangazi. Wametupia taka zao."

Nilisikia pumzi yake ikikwaruza kifuani.

"Mungu awasamehe," akasema.

"Amina," nikaitikia, nikaendelea kutembea.